Nani hasa anaamua nchini China? Mfano wa Nansha

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayeagiza vigae, samani au vipuri kutoka kusini mwa China huenda hajawahi kukanyaga Nansha, lakini jina hilo analijua. Hulikuta limeandikwa kwenye hati za shehena kama bandari ya kupakilia. Nansha ni moja kati ya wilaya 11 za mji wa Guangzhou, iko kwenye ncha ya kusini kabisa ya mji huo, pale mto Zhujiang unapoingia baharini. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 803 hivi, na kwa wengi wetu ni bandari tu. Hata hivyo, kwa yule anayetaka kufahamu namna dola la China linavyofanya maamuzi yake, Nansha ni darasa zuri kuliko hotuba nyingi zinazotolewa Beijing.

Tumeona ni vyema kulizungumzia suala hili kwa sababu moja ya msingi. Kila mwaka viongozi wa Afrika Mashariki hufanya safari za China, hutia saini hati za maelewano na hurejea nyumbani wakitangaza kuwa "China imekubali". Wananchi hushangilia au hukasirika, kila mmoja kwa itikadi yake, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: ni China ipi iliyokubali? Je, ni Rais, ni Chama, ni Waziri Mkuu, ni wizara, ni serikali ya jimbo au ni kampuni tu ya serikali? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo ahadi itatekelezwa au itabaki kwenye karatasi.

Kwa mujibu wa katiba ya China ya mwaka 1982, Bunge la Umma ndicho chombo cha juu kabisa cha mamlaka ya dola. Bunge hilo lina wajumbe wapatao 3,000 ambao hukutana mara moja kwa mwaka, mwezi Machi. Ndilo linalomchagua Rais wa nchi, na ndilo linalomwidhinisha Waziri Mkuu baada ya jina lake kupendekezwa na Rais. Waziri Mkuu naye huongoza Baraza la Serikali, ambalo katiba inalitaja kuwa ndiyo serikali kuu na chombo cha utekelezaji cha Bunge. Chini ya Baraza hilo kuna wizara na kamati 26, ikiwemo Benki Kuu na ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Kwa hiyo, kwenye karatasi, mfumo wa China unashabihiana na ule wa nchi nyingi: Bunge, Rais, Waziri Mkuu na mawaziri.

Lakini juu ya yote hayo kuna Chama cha Kikomunisti. Maamuzi makubwa hupitishwa kwanza na Ofisi ya Siasa ya Chama na Kamati yake ya Kudumu, kisha ndipo Baraza la Serikali huyageuza kuwa amri, mipango na bajeti. Jambo hili si siri wala si tuhuma za maadui wa China. Machi 11, 2024 Bunge la Umma lilipitisha marekebisho ya sheria ya Baraza la Serikali, yakiwa ya kwanza tangu mwaka 1982, na sheria hiyo mpya inasema waziwazi kuwa Baraza linafanya kazi chini ya uongozi wa Chama. Mwaka huo huo ilifutwa desturi iliyodumu kwa takriban miongo mitatu, ambapo Waziri Mkuu alikuwa akijibu maswali ya waandishi wa habari mwishoni mwa kikao cha Bunge. Weledi wa mambo ya China waliitafsiri hatua hiyo kuwa ni ishara ya kupungua uzito wa Waziri Mkuu mbele ya Katibu Mkuu wa Chama.

Inafaa pia kukumbusha hapa kuwa mwezi Machi 2018 katiba ilirekebishwa na kikomo cha vipindi viwili kikaondolewa kwenye kiti cha urais. Lakini kikomo hicho hakikuondolewa kwa Waziri Mkuu, ambaye hadi leo haruhusiwi kushika wadhifa huo kwa zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Hivyo basi, msimamizi wa kazi za kila siku za serikali lazima aondoke baada ya miaka kumi, ilhali Xi Jinping, ambaye ni Katibu Mkuu wa Chama, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi na Rais, anaweza kubaki.

Sasa tuitazame Nansha yenyewe. Mwaka 1993, wakati wimbi la mageuzi lililofuatia ziara ya Deng Xiaoping kusini mwa China likiwa limepamba moto, Baraza la Serikali liliidhinisha Nansha kuwa eneo la maendeleo ya kiuchumi na kiteknolojia la ngazi ya taifa. Wakati huo Waziri Mkuu alikuwa Li Peng. Mwaka 2005, chini ya Wen Jiabao, Baraza hilo hilo liliidhinisha Nansha ikatwe kutoka Panyu na kuwa wilaya inayojitegemea. Mwezi Septemba 2012 ikapandishwa hadhi na kuwa eneo jipya la ngazi ya taifa. Aprili 2015, zama za Li Keqiang, sehemu yake yenye kilomita za mraba 60 iliingizwa katika eneo la biashara huria la Guangdong. Mwezi Februari 2019 Kamati Kuu ya Chama na Baraza la Serikali zilitoa kwa pamoja muongozo wa kuunganisha kiuchumi Guangdong, Hong Kong na Macao, na Nansha ikapewa nafasi yake humo. Na mwezi Juni 2022 Baraza la Serikali likachapisha mpango maalumu wa Nansha wenye malengo ya mwaka 2025 na 2035.

Tukihesabu, tangu mwaka 1993 China imekuwa na mawaziri wakuu watano, yaani Li Peng, Zhu Rongji, Wen Jiabao, Li Keqiang na Li Qiang wa hivi sasa, na makatibu wakuu watatu wa Chama. Katika muda wote huo faili la Nansha halikutupwa kapuni hata mara moja. Kila aliyeingia alilikuta mezani na akaongeza kurasa zake.

Mpango wa mwaka 2022 unatuonyesha vizuri jinsi uamuzi unavyosafiri kutoka juu hadi chini. Mpango ulisema kuwa kampuni zinazofanya shughuli zinazohimizwa katika sehemu tatu za kuanzia za Nansha, zenye jumla ya kilomita za mraba 23 hivi, zitozwe kodi ya mapato ya asilimia 15 badala ya asilimia 25 ya kawaida. Lakini maneno hayo peke yake yasingempunguzia mtu kodi hata senti moja. Ilibidi Wizara ya Fedha na Idara Kuu ya Kodi zitoe waraka wa pamoja ukieleza ni shughuli zipi zinazohusika, kwamba walau asilimia 60 ya mapato ya kampuni yatokane na shughuli hizo, kwamba kampuni iwe inafanya kazi kwa kweli mahali hapo na si kufungua ofisi ya jina tu, na kwamba nafuu hiyo ni ya kuanzia mwanzo wa 2022 hadi mwisho wa 2026. Waraka mwingine ulihusu watu wa Hong Kong na Macao wanaofanya kazi Nansha, ambao husamehewa kodi inayozidi ile ambayo wangelilipa kwao. Aidha mpango ulitenga kiwango cha deni jipya la serikali ya mtaa cha yuan bilioni 10 kwa kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024.

Kwa maneno mengine, Chama hutoa mwelekeo, Baraza la Serikali hutoa mpango, wizara hutoa waraka, jimbo na mji hugawa kazi, na wilaya pamoja na miji midogo na ofisi zake za mitaa, ambazo Nansha zipo tisa, ndizo zinazokutana na mwananchi. Mtu anayesoma tangazo la ngazi ya juu na kudhani kazi imekwisha, huwa amesoma ukurasa wa kwanza tu wa kitabu.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa amri zote huteremka kama mvua na kwamba walio chini hawana sauti. Nansha hiyo hiyo ina kisa kinachopinga dhana hiyo. Mnamo miaka ya 2005 na 2006 kulikuwa na mradi wa kujenga hapo kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta na kutengeneza kemikali kwa ubia wa kampuni ya Sinopec ya China na shirika la mafuta la Kuwait. Mradi huo ulikadiriwa kugharimu karibu dola bilioni 5 na ulikusudiwa kusafisha tani milioni 15 za mafuta ghafi kwa mwaka. Kamati ya Maendeleo na Mageuzi ya Taifa, ambayo ni moja ya vyombo vyenye nguvu zaidi katika Baraza la Serikali, iliruhusu maandalizi yaanze. Lakini wakazi wa Guangzhou, watu wa Hong Kong iliyo ng'ambo tu ya mlango wa mto, na hata baadhi ya wajumbe wa Bunge la jimbo la Guangdong walilalamikia hatari ya uchafuzi wa mazingira. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba mradi unahamishwa kutoka Nansha, na hatimaye ukapelekwa Zhanjiang, magharibi mwa jimbo hilo.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. La kwanza ni kuwa serikali ya China husikiliza, hasa pale malalamiko yanapotoka kwenye mji tajiri wenye macho mengi ya kuutazama. La pili ni kuwa mradi haukufutwa bali ulihamishiwa kwa watu wengine wenye sauti ndogo zaidi. Hakukuwa na mahakama iliyousimamisha wala kura ya Bunge iliyoukataa. Mashauriano yalifanyika ndani, na wananchi wakaletewa matokeo.

Kisa cha pili kinatugusa sisi wenyewe. Mwezi Aprili 2020, wakati wa maradhi ya corona, Waafrika wengi wanaoishi Guangzhou, wakiwemo wa kutoka Kenya na Uganda, walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kwenye hoteli, na wengine wakalazimishwa kupimwa na kuwekwa karantini ingawa hawakuwa wamesafiri. Picha za watu waliolala nje zilienea duniani. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing walimwandikia barua Wang Yi, ambaye wakati huo alikuwa Mjumbe wa Baraza la Serikali na Waziri wa Mambo ya Nje, huku Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki, akimwita balozi wa China kwenye umoja huo kueleza wasiwasi wake. Beijing ilijibu kuwa haina sera ya ubaguzi na kwamba imewataka wakuu wa Guangdong warekebishe utendaji wao. Mapema mwezi Mei zikatangazwa hatua za kuzuia ubaguzi kwenye maduka, hoteli na nyumba za kupanga.

Tuseme ukweli: kwa yule aliyekuwa ametupiwa mabegi yake barabarani, jibu la Beijing lilichelewa. Lakini jinsi mambo yalivyokwenda kunatufumbua macho. Aliyefunga mlango hakuwa Baraza la Serikali. Alikuwa ni mwenye nyumba, mlinzi wa mtaa, ofisa wa kituo cha polisi, kila mmoja akiogopa kulaumiwa na mkubwa wake iwapo maambukizi yangetokea kwake. Mfumo unaoweza kujenga gati la makontena linalojiendesha lenyewe, kama lile lililofunguliwa Nansha mwezi Julai 2022, ni mfumo ule ule ambao ofisa wa chini huzidisha amri ili asionekane mzembe. Nguvu yake na udhaifu wake vinatoka kwenye chungu kimoja. Ndio maana tunawashauri ndugu zetu walioko huko kutodharau taratibu za ngazi ya chini, kwa mfano ile ya mgeni kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika mahali anapolala. Anayekutana nawe siku ya shida si waziri bali ni ofisa wa mtaa.

Tukirejea kwetu Afrika Mashariki, tunakuta sura tofauti. Nchini Tanzania katiba ya mwaka 1977 inamfanya Rais kuwa mkuu wa nchi, kiongozi wa serikali na Amiri Jeshi Mkuu kwa wakati mmoja, na mamlaka yote ya serikali yako mikononi mwake, huku Waziri Mkuu akisimamia shughuli za siku hadi siku. Nchini Kenya katiba ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni na kutaka majina yao yaidhinishwe na wabunge, na kweli mwezi Agosti 2024 Bunge lilimkataa mmoja wa waliopendekezwa. Jambo kama hilo si la kutarajiwa katika ukumbi wa Beijing.

Lakini tazameni faili la Bagamoyo. Mwezi Machi 2013, wakati wa ziara ya Xi Jinping mjini Dar es Salaam, ulitiwa saini mkataba wa awali wa kujenga bandari na eneo la viwanda huko Bagamoyo, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10, ambao baadaye mfuko wa taifa wa Oman nao uliingia kama mshirika. Mwezi Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa masharti yake, akiyaona kuwa ya kinyonyaji. Mwezi Juni 2021 Rais Samia akatangaza kuwa mazungumzo yanafufuliwa. Maraisi watatu, misimamo mitatu, ndani ya miaka minane.

Hatusemi kuwa Magufuli alikosea kuhoji masharti. Huenda alilinda maslahi ya nchi, na kiongozi anayekubali kila kitu si bora kuliko anayehoji. Tunachosema ni kwamba maswali yale yalistahili kuulizwa mwaka 2013, Bungeni na wizarani, kabla ya jiwe la msingi, na si kusubiri mtu mmoja abadilike Ikulu. Mkataba ulikuwa wa ofisi ya mtu na si wa taasisi, ndiyo sababu uliyumba naye. Mchina aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa na faili la miaka ishirini ya Nansha na maeneo mengine mfano wake, na sisi tulikuwa na hotuba.

Wapo wanaosema dawa ni kuiga mfumo wa chama kimoja kinachoshika hatamu. Hoja hii inasikika zaidi tangu mwaka 2022, ilipofunguliwa Kibaha shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere iliyojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM ikiwa mojawapo. Kwa maoni yetu hoja hiyo haina mashiko. Tanzania ilikuwa na chama kimoja hadi mwaka 1992, na Kenya ilikuwa nacho kisheria kuanzia 1982 hadi 1991, lakini hakuna bandari iliyojengeka kwa sababu hiyo. Kinachoiendesha Nansha si ukimya wa wananchi. Ni wataalamu wasiobadilishwa kila anapobadilika mkubwa, ni waraka unaofuata kila tangazo, na ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani ya kila nafuu ya kodi. Mambo yote hayo yanawezekana kabisa kwenye nchi yenye vyama vingi, Bunge lenye meno na mahakama huru.

Mfano mzuri wa faida ya kuzifahamu ngazi hizi ni suala la ushuru. Septemba 5, 2024 Xi Jinping aliuambia mkutano wa China na Afrika mjini Beijing kuwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi na China zitaingia bila ya ushuru. Siku chache baadaye kamati ya ushuru ya Baraza la Serikali ikatoa tangazo rasmi, na Desemba 1 utekelezaji ukaanza. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwemo. Kenya haikuwemo, kwa kuwa haihesabiwi katika kundi hilo, na ilibidi isubiri hadi Juni 2025, China ilipotangaza nia ya kuzipa nafuu hiyo nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano nayo.

Je, baada ya ushuru kuondolewa, mkulima wa parachichi wa Njombe alipakia tu na kupeleka Nansha? La hasha. Parachichi za Kenya na Tanzania zilikuwa zimefunguliwa njia mwaka 2022 kwa itifaki za afya ya mimea zilizotiwa saini na idara kuu ya forodha ya China, na kila shamba na kila ghala la kupakia lazima lisajiliwe. Zao lisilo na itifaki haliingii hata ushuru ukiwa sifuri. Rais anaweza kufungua lango, lakini ufunguo wa chumba uko kwa ofisa wa forodha.

Kwa hivyo, wapenzi wasomaji, kila mtakaposikia kuwa "China imekubali", ulizeni maswali manne. Ni chombo gani kilichotia saini? Waraka wa utekelezaji umetolewa na nani? Muda wake unakwisha lini? Na kwa upande wetu, ni ofisi ipi itakayolitunza faili hilo Rais wa leo atakapoondoka? Mwakilishi wenu akishindwa kuyajibu, basi fahamuni kuwa hakuna mkataba bado, kuna picha ya kupeana mikono tu.